Mfanyakazi na Uwanja wa Gofu: Ruhusa na Iandikwe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Karagwe na Kyerwa waliokutana Kayanga)



Huenda wengine wenu walipoliona jambo la leo katika tangazo walicheka kidogo, wakasema, "Gofu na Karagwe, wapi na wapi?" Hatuwalaumu. Toka hapa Kayanga mpaka Murongo penye daraja la Mto Kagera hapana kiwanja cha mchezo huo ambacho mtu aweza kutuonyesha. Lakini vijana wetu hawakai hapa wote. Wako Dar es Salaam, wako Arusha na Moshi, na wengine wamevuka mto kwenda Mbarara na Kampala. Na katika miji hiyo yote gofu huchezwa. Huko vijana wetu hukata majani, hunyunyiza maji, na hubeba mifuko ya fimbo za wachezaji, kazi ambayo mwenye kuifanya huitwa kedi.

Kwa ajili ya wale wasiouona mchezo huu, twaeleza kwa ufupi. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie katika shimo, kisha huendelea na shimo la pili. Kiwanja kamili kina mashimo 18, na mshindi ni yule aliyepiga mapigo machache kuliko wenzake. Majani yake yataka kutunzwa kila siku. Basi mtu aukatae majani uwanja huo mwaka mzima huujua kuliko mwanachama aujiaye Jumamosi. Swali letu la leo ni hili: je, mtu huyo aweza kuucheza?

Katika nchi yetu ya kahawa jawabu la jambo kama hili lilikuwapo tangu zamani. Mtu akija kusaidia kazi ya shamba hanyimwi punje za akamwani za kutafuna, wala akilima kibanja harudi kwake bila ndizi. Mwenye shamba haoni kwamba ameibiwa. Aona kwamba ametimiza adabu. Lakini adabu ya kijiji yajulikana na wote, na kwa hiyo haihitaji karatasi. Katika klabu za mjini, ambako mwenyeji na mgeni hubadilika kila mwaka, sivyo.

Tuwapeni habari ya jambo lililotufikia sisi wenyewe. Kijana mmoja wa Kyerwa aliajiriwa kukata majani katika klabu moja ya nchi hii. Jina la klabu hatulitaji. Msimamizi wake alipoona kwamba kijana ana jicho na mkono wa mchezo, alimwambia, "Jioni, mashine ikiisha kuwekwa ghalani, waweza kupiga mipira michache." Kijana akapata fimbo kuukuu, akacheza hivyo kwa muda wa miezi mingi. Hakuna aliyelalamika. Kisha msimamizi yule akahamishwa, akaja mwingine. Jioni moja msimamizi mpya akamkuta kijana penye shimo la tatu, akamwuliza ruhusa yake iko wapi. Kijana akamtaja bwana aliyeondoka. Siku ileile akafukuzwa kazi kwa kosa la kutumia mali ya klabu bila idhini.

Alirudi nyumbani, akakaa kimya kwa aibu. Alipotujia tumwandikie barua, ilikuwa imepita miezi miwili. Tuliandika. Jibu likaja kwa maneno machache, kwamba katika faili lake hapana ruhusa yoyote. Ndugu zetu, barua ile ilituumiza, maana sisi sote tumewahi kuandika barua kama ile. Kwa desturi ya ofisi jibu lilikuwa sahihi. Kwa haki halikuwa sahihi. Mwishowe alilipwa mshahara wake uliobaki, lakini kazi hakurudishiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ruhusa bila daftari ni vivyo hivyo.

Hapa yafaa wanachama wajue sheria yasemaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri awe na sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi, na afuate utaratibu wa haki. Nazo Kanuni za Utendaji Bora, yaani Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zamtaka mwamuzi atazame kama amri iliyovunjwa ilikuwa wazi, kama yafaa, kama mfanyakazi aliijua, na kama imetumika sawasawa kwa wote. Kijana wetu angeweza kuuliza, "Amri hiyo iliandikwa wapi, nami nilisomewa lini?" Lakini malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Aliyechelewa hana budi kwanza kuomba asamehewe kuchelewa, na kueleza sababu yake. Kijana hakujua kwamba siku zahesabiwa. Twawasihi mwende mkaitangaze hesabu hiyo ya siku 30 kwa watoto wenu kabla hawajapanda basi.

Jambo hili si la nchi yetu peke yake. Huko Brookline katika Marekani alikuwapo mtoto jina lake Francis Ouimet, ambaye nyumba yao ilitazamana na uwanja wa gofu. Alikuwa kedi, naye alizoea kuingia uwanjani kwa siri asubuhi na mapema, mpaka watunza majani wamfukuze. Mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 20, alishinda mashindano makuu ya Marekani katika uwanja uleule, akawashinda Waingereza Harry Vardon na Ted Ray waliokuwa mashuhuri kuliko wote. Kama wale watunza majani wangalifaulu kumkomesha, Marekani ingalipoteza bingwa wake.

Tena huko Augusta, Georgia, kwa miaka mingi waliobeba mifuko katika mashindano makuu ya klabu ile walikuwa watu weusi wa mji ule. Wachezaji waliruhusiwa kuleta makedi wao wenyewe tangu mwaka 1983, lakini mwanachama wa kwanza mweusi hakupokewa mpaka mwaka 1990. Mtu aliweza kumwambia bwana mpira utapindia upande gani, wala hakuweza kuketi naye mezani.

Na katika Afrika alikuwapo Sewsunker Sewgolum, aliyeitwa Papwa, Mhindi wa Durban aliyeanza kwa kubeba mifuko. Alishinda mashindano ya Uholanzi mara tatu, mwaka 1959, 1960 na 1964. Lakini mwaka 1963, aliposhinda mashindano ya Natal katika mji wake mwenyewe, alipewa kikombe chake nje kwenye mvua, kwa kuwa sheria ya ubaguzi haikumruhusu kuingia katika nyumba ya klabu. Uwanja aliucheza, bali mlango alifungiwa.

Sasa tuwape wenye klabu haki yao. Wasema kwamba wanachama hulipa ada, na kwamba majani huharibika yakichezwa mno. Wengine husema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, yaani mfanyakazi akipewa mchezo ataacha kazi. Maneno hayo yana uzito, na kwa sababu hiyo hatuombi mlango wazi usio na bawabu. Twaomba amri iliyoandikwa. Klabu nyingi duniani hufunga uwanja kwa wanachama siku ya Jumatatu ili utengenezwe, nazo huwapa makedi nafasi ya kucheza siku hiyo. Hazikupata hasara, bali wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda walianza kwa kubeba mifuko.

Basi twaona amri njema iwe na mambo haya. Kwanza, itaje siku na saa. Pili, itaje ni nani wanaohusika, wakata majani na wapishi pamoja na makedi, maana kedi mara nyingi hana hata barua ya ajira. Tatu, itaje wajibu wa mchezaji: kuwapisha wanachama, kurudisha udongo uliong'olewa, na kuvaa nguo safi. Nne, itaje adhabu, na onyo litangulie kufukuzwa. Tano, ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, na nakala iwekwe katika faili la kila mtu. Msimamizi akihama, amri haihami naye.

Neno letu la mwisho latugusa sisi wenyewe. Mwaka 1922 makarani Waafrika wa Tanga, wakiongozwa na Martin Kayamba, waliunda chama chao, wakati ambapo klabu za Wazungu hazikuwa na kiti chao. Sisi tu warithi wao. Je, tarishi wetu na mfagizi wetu wanajua kwa hakika kama wameruhusiwa kuingia katika ukumbi wetu, kusoma magazeti yetu, na kucheza katika timu yetu ya mpira? Tulipotazama kanuni za chama hatukuona neno hata moja juu yao. Huingia kwa sababu sisi tuliopo leo hatuwakatazi, kama kijana yule alivyoachwa na msimamizi wake wa kwanza.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twatoa shauri kwamba kabla ya kuandikia klabu yoyote ya gofu, mkutano huu uandike kanuni hiyo katika daftari letu leo, na katibu aibandike mlangoni kesho asubuhi.