Inhela Ikae Mfukoni mwa Mtoto, Isifungiwe Kabatini



Vijana wenzangu wa Mvita, nyinyi mlioko Kibokoni, Kuze, Bondeni, Majengo na mitaa yote ya kisiwani. Tumezoea kuzungumzia haki kubwa kubwa: haki ya aliyekamatwa, haki ya kitambulisho, haki ya ardhi. Leo nataka tuzungumze haki ndogo, ndogo mpaka inaingia mfukoni. Haki ya mtoto mwenye pumu kuwa na dawa yake karibu akiwa skuli.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndani ya kifua cha mtoto mwenye pumu, njia za hewa zimevimba kidogo hata siku ambayo amechangamka na anacheza mpira. Akipata kichokozi, vile vinyama vinavyozunguka njia hizo hujikaza, makohozi hujaa, na tundu la kupitisha hewa hubaki jembamba kama mrija wa soda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walifariki kwayo. Ndio ugonjwa sugu unaowapata watoto zaidi kuliko mwengine wowote. Sio uvivu, sio deko, na hauambukizi.

Vichokozi vyenyewe tunaishi navyo. Nyumbani kuna moshi wa mkaa, udi na ubani, na ule ukungu wa ukutani unaoota kwenye nyumba zetu za mawe msimu wa mvua. Skuli kuna vumbi la chaki, darasa linalofagiwa likiwa kavu na watoto wamo ndani, moshi wa kuni jikoni, na taka zinazochomwa nyuma ya ukuta. Kisha kuna mafua, yanayopita dawati kwa dawati katika darasa lililojaa. Na kuna mbio. Mtoto amechelewa, anaambiwa azunguke uwanja mara tano. Kwa mwenye pumu, adhabu hiyo yaweza kumpeleka hospitali. Na ujue kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza kumwadhibu mwanafunzi kimwili.

Sasa sikiza vizuri hapa. Dawa ziko aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Ile inhela ya buluu, salbutamol, ni ya kuokoa: hulegeza njia za hewa kwa dakika chache. Ile ya rangi ya kahawia, yenye beklometasoni, ni ya kuzuia: huvutwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, halafu asukutue mdomo. Mtoto anayehitaji ya buluu kila mara, pumu yake haijadhibitiwa, arudishwe kwa daktari. Na yale maneno ya barazani kwamba "inhela ukiianza huiachi" tuyaache. Inhela haina uteja. Kinachomrudisha mtoto hospitali ni kuikosa.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye kabati. Dawa ipo, lakini imefungiwa ofisini, ufunguo uko na mwalimu, na mwalimu ametoka. Huko Kanada, mkoa wa Ontario, mwaka 2012 alifariki mvulana wa miaka 12, Ryan Gibbons, baada ya kubanwa na pumu skuli. Mamake alieleza kwamba kila akimpa mwanawe inhela aende nayo, skuli ikimnyang'anya na kuiweka ofisini. Mama yule hakunyamaza. Alipigania jambo hilo mpaka mwaka 2015 ikapitishwa Sheria ya Ryan, inayoziamuru skuli kuwa na utaratibu wa pumu na kumruhusu mwanafunzi kutembea na dawa yake kwa idhini ya mzazi. Uingereza nayo, tangu Oktoba 2014, skuli zaruhusiwa kununua inhela ya dharura bila cheti cha daktari. Mwaka huohuo uchunguzi wa vifo 195 vya pumu nchini humo ulionyesha kuwa karibu nusu ya waliokufa hawakuita msaada, au walikufa kabla msaada haujafika. Hiyo ni Uingereza, yenye ambulansi. Sisi wengine twaishi kwenye vichochoro ambavyo hata tuktuk haipiti.

Na sisi sheria tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, na yasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 53 chasema kila mtoto ana haki ya huduma za afya, na maslahi yake yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sera ya taifa ya afya shuleni ipo tangu 2009. Lakini karatasi haivuti pumzi. Yataka mtu aende ofisini akaulize.

Mtu huyo ni wewe, kaka au dada mkubwa. Mama yuko sokoni, baba yuko bandarini, wewe una simu na una mdomo. Fanya hivi.

Kwanza, kama una mdogo wako mwenye pumu, mwombe daktari akuandikie ukurasa mmoja: jina la mtoto, dawa zake, vichokozi vyake, na la kufanya akibanwa. Nakala moja apewe mwalimu wa darasa, moja mwalimu wa michezo, moja ustadh wa madrasa. Jioni mtoto yuko chuoni, na pumu haitazami saa.

Pili, nenda na mzazi wako kwa mwalimu mkuu, kwa adabu, mkaombe mambo mawili: mtoto aruhusiwe kukaa na inhela yake, na ya akiba iwekwe mahali pasipofungwa. Mkikataliwa, andikeni barua kwa bodi ya skuli na mkae na nakala.

Tatu, jifunze kumhudumia. Mkalishe wima, usimlaze. Tikisa inhela ya buluu, bonyeza mara moja, avute pumzi nne. Rudia mpaka zifike bonyezo nne. Ngoja dakika nne. Hana nafuu? Rudia nne nyingine huku mwenzako akitafuta gari, na muendelee hivyo mpaka mfike kwa daktari. Ukiona hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo imegeuka rangi au analegea, usingoje hata hizo dakika nne, mpeleke mara moja.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta sawasawa moja kwa moja, dawa yote huishia ulimini. Kuna chombo cha kumsaidia, na kama hamna pesa zake, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu. Toboa tundu kitakoni linalobana mdomo wa inhela, ziba pembeni, mtoto avutie kwenye mdomo wa chupa. Daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa hiyo yafanya kazi kama ile ya kununua.

Neno moja kuhusu Ramadhani, maana watoto wetu hupenda kushindana kufunga. Maulamaa wamekhitalifiana: Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin waliona inhela haibatilishi saumu, wengine wakaona yabatilisha. Lakini hawakukhitalifiana kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Na mtoto ambaye hajabaleghe hajafaradhishiwa. Asiachwe mtoto akabanwa na kifua kwa kuogopa watamcheka.

Ombi langu ni hili. Wiki hii, muulize mdogo wako swali moja: "Inhela yako iko wapi ukiwa skuli?" Akikujibu "ofisini", kazi yako ishaanza.