Kengele ya Adhuhuri

Tangu Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, kengele imewaita Wakristo wa nchi hii alfajiri, adhuhuri na jioni. Twaisikia, je, twasimama?

Sisi tufundishao wengine kusali twaungama kosa letu. Mwaka mmoja mvua zilichelewa. Tukaogopa njaa, tukaacha sala ya asubuhi ili tuwahi shambani. Jembe lilipiga ardhi kavu, wala haraka yetu haikuleta hata tone moja. Watoto wetu wakajifunza kwetu hofu, si imani.

Bwana wetu, ingawa watu wengi walimtafuta, aliondoka kabla ya mapambazuko, akaenda mahali pasipo watu, akasali. Kisha akaendelea na kazi yake.

Basi tusingoje siku isiyo na shughuli, maana haiji. Kengele ikilia, tuweke jembe chini, tunyamaze kidogo, tumtajie Mungu hofu yetu, kisha tulishike tena. Kulima ni juu yetu. Mvua ni ya Mungu. Amina.