Kabla ya Kutia Sahihi, Uliza Leseni Inahesabu Nini

Haya ni mazungumzo ya afisa wa biashara wa kaunti na wenye maduka, mawakala na viongozi wa vyama vya ushirika mjini Malindi. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Nashukuru mmefika, maana najua kila saa mnayokaa hapa ni wateja wanapita mbele ya duka lililofungwa. Sitawachosha.

Naanza na neno lenyewe, leseni. Tukilisema hapa, kila mmoja anafikiria karatasi inayobandikwa ukutani, ile ambayo sisi maafisa huja kuiulizia. Unalipa mara moja kwa mwaka, kiasi kinajulikana, ukishabandika umemaliza. Leseni ya programu ya kompyuta haiko hivyo. Ni ruhusa ya kutumia mali ya mtu mwingine kwa masharti yake, na mara nyingi bei haitulii. Inapanda kufuata kitu fulani kinachohesabiwa. Malalamiko mengi ninayoletewa kuhusu programu hizi yanaanzia hapo: mtu aliangalia bei, hakuangalia kinachohesabiwa.

Leo nazungumzia programu za kuunganisha data. Jina ni kubwa, kazi yake mnaijua. Chukua mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi na matawi matatu: Mtwapa, Kilifi mjini na hapa Malindi. Kila tawi lina kompyuta ya mauzo. Pesa za M-Pesa zinaingia kwa nambari ya tili. Stoo iko kwenye Excel, na mhasibu ana programu yake. Jioni karani, au mke wa mwenye duka, anakaa mpaka saa nne usiku akinakili tarakimu kutoka huku kwenda kule. Programu ya kuunganisha data inafanya kunakili huko. Inachukua mauzo ya kila tawi, inayalinganisha na pesa zilizoingia, inapunguza mzigo wa stoo, kisha inampelekea mhasibu.

Safaricom walipowafungulia watengenezaji wa programu njia ya kuingia kwenye M-Pesa, waliipa jina la Daraja. Sijaona neno zuri zaidi. Lakini vivuko na madaraja vina wenyewe. Likoni ukivuka kwa miguu hulipi, gari linalipa, na lori halilipi sawa na gari dogo. Programu hizi nazo ni hivyo hivyo. Mmoja anatoza kwa kila mtumiaji mwenye nywila. Mwingine anatoza kwa kila kompyuta, mwingine kwa kila mifumo miwili inayounganishwa, na mwingine kwa kila rekodi inayopita.

Hapo kwa rekodi ndipo nataka tukae, kwa sababu ndipo mwenzetu mmoja alipoumia. Sitamtaja, wala sitataja kampuni iliyomuuzia. Ameniruhusu nieleze hesabu yake, nami nimezifanya tarakimu kuwa za mviringo kidogo.

Aliambiwa atalipa dola 90 kwa mwezi, na ndani ya hizo atapitisha rekodi 100,000. Akapiga hesabu kama mfanyabiashara yeyote. Tawi moja linatoa risiti 250 kwa siku, matawi matatu ni 750, siku 26 za kazi ni risiti 19,500. Akaona 100,000 hatazifikia maisha yake. Akatia sahihi.

Ankara ya mwezi wa kwanza ilipofika alidhani ni ya mtu mwingine. Programu haikuwa ikihesabu risiti. Ilikuwa ikihesabu mistari. Risiti yenye misumari, saruji, rangi na brashi ni mistari minne. Kwa wastani wa bidhaa 4 kwa risiti, zile risiti 750 ni mistari 3,000 kwa siku. Kisha kila bidhaa ikiuzwa, stoo nayo inabadilika, na badiliko hilo ni rekodi nyingine. Sasa ni 6,000 kwa siku. Zidisha kwa 26, unapata 156,000. Amepitiliza kwa 56,000.

Kila rekodi ya ziada ilikuwa na bei ya sehemu mbili za elfu moja za dola. Ukiambiwa hivyo unaona ni bure kabisa. Zidisha: ni dola 112, zaidi ya bei ya mwezi yenyewe. Kwa shilingi 130 kwa dola, zile 90 ni shilingi 11,700, na hizi 112 ni shilingi 14,560. Jumla ni 26,260, halafu VAT ya asilimia 16, inafika 30,461. Karani aliyekuwa akilala saa nne usiku alikuwa na bei nafuu kuliko hiyo.

Nilipokaa naye tuliulizana swali moja tu: kwani mhasibu anahitaji kuona kila msumari? Hahitaji. Anahitaji kujua kila usiku kwamba tawi la Mtwapa liliuza mifuko kadhaa ya saruji na mikebe kadhaa ya rangi. Duka lina aina kama 400 za bidhaa. Hata zikiuzwa zote, mara matawi matatu ni mistari 1,200 kila usiku, yaani 31,200 kwa mwezi. Fundi wake akabadilisha mpangilio, jumla ndizo zikawa zinasafiri badala ya kila mstari wa risiti. Ankara ikarudi dola 90. Programu ni ileile, leseni ni ileile.

Kwa hiyo ukiletewa kwotesheni, muulize mwenye kuuza: rekodi moja ni nini? Je, rekodi ikirekebishwa inahesabiwa tena? Ikishindwa kupita intaneti ikikatika, halafu ikajaribiwa upya, nalipa mara mbili? Akikujibu kwa maneno, mwambie ayaandike. Kisha omba mwezi mmoja wa majaribio kwa data yako mwenyewe, na uchague mwezi wenye pilikapilika. Mwenye hoteli akifanya majaribio mwezi wa Mei, wageni wakiwa hawapo, atapata jibu litakalomdanganya mwezi wa Desemba.

Leseni ya kulipia kwa mtumiaji haina mambo mengi. Tatizo lake ni sisi wenyewe. Mtu ananunua nywila moja, keshia watano wanaitumia. Mkataba mara nyingi unakataza, na hata usipokataza, siku pesa zikipotea hutajua ni nani aliyegusa nini.

Sasa, programu za bure. Najua wapo wanaosubiri nifike hapa.

Zipo, tena nzuri. Apache NiFi ni mojawapo. Ilianzia katika shirika la ujasusi la Marekani, NSA, na mwaka 2014 ikakabidhiwa wakfu wa Apache, ambao huitoa kwa leseni isiyodai ada. Hata hospitali na zahanati zetu zinaripoti takwimu za afya kupitia mfumo uliojengwa juu ya DHIS2, programu huria iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya inautumia nchi nzima tangu 2011. Hakuna ada ya leseni. Lakini seva ina gharama, intaneti ina gharama, na wanaoutunza wanalipwa mshahara. Kwa duka dogo gharama kubwa ya programu huria ni fundi. Ukiwa na kijana mmoja tu anayeijua, naye akapata kazi Nairobi, umebaki na mashine usiyoweza kuigusa. Muweke na wa pili ajifunze, hata kama ni mpwa wako aliyemaliza chuo juzi.

Jambo jingine, toleo la bure linaweza kusimamishwa. Talend Open Studio ilikuwa maarufu sana duniani kwa kazi hii ya kuunganisha data. Kampuni ya Talend ilinunuliwa na Qlik mwaka 2023, na toleo hilo la bure likasitishwa tarehe 31 Januari 2024. Waliokuwa nalo hawakunyang'anywa, ila marekebisho ya usalama yalikoma, na kutembeza hesabu za wateja kwenye programu isiyorekebishwa ni kama kulala mlango ukiwa umerudishiwa tu.

Vijana wa saiba, hili ni lenu hasa. Si kila programu ambayo msimbo wake uko wazi ina ruhusa zote. Kuna n8n, ambayo wengi wenu mnaipenda. Leseni yake inakuruhusu kuitumia ndani ya biashara yako bila kulipa. Haikuruhusu kuisimika kwenye seva yako na kuwauzia watu kumi huduma ya kuingia na kuitumia. Kwa hiyo kijana anayepanga kuyahudumia maduka ya mtaani kwa ada ya mwezi asome leseni kwanza. Itakuwa aibu kuwasajili wateja ishirini, kisha uambiwe biashara yako inavunja masharti.

Na zile programu za kulipia zilizovunjwa ulinzi, zinazouzwa kwenye flashi kwa shilingi mia tano, tafadhali. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Tena hujui aliyeivunja aliacha nini ndani, nawe unaipa funguo za mauzo yako yote.

Nije kwenye kodi, kwa ufupi. Wakala wa hapa nchini akikuuzia leseni, dai ankara ya eTIMS. Tangu 1 Januari 2024, matumizi ya biashara yasiyo na ankara hiyo hayakubaliwi wakati wa kukokotoa kodi ya mapato, isipokuwa yale yaliyosamehewa kisheria. Na kama umesajiliwa kwa VAT, ile asilimia 16 unaweza kuidai, lakini si kwa risiti ya kuandikwa kwa kalamu. Wapo pia wanaozunguka wakiwaambia wenye vibanda kwamba lazima wanunue programu ili watoe ankara za eTIMS. Si kweli. KRA ina njia za bure, ikiwemo *222# kwa simu ya kawaida. Kuunganisha mfumo wako wa mauzo moja kwa moja na KRA ni kwa wenye ankara nyingi, na anayekuunganishia hakikisha ametambuliwa na KRA.

Halafu kuna data ya wateja. Majina, nambari za simu, nani anadaiwa ngapi. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kampuni ya programu inakufanyia kazi tu. Mwenye kuamua data itumikeje ni wewe, na lawama inaanzia kwako. Sheria inataka kuwe na mkataba wa maandishi kati yenu. Biashara yenye mauzo ya chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida hailazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ingawa kuna shughuli ambazo hazipewi msamaha huo, mfano afya na utoaji mikopo. Na kutosajiliwa hakukuondolei wajibu wa kutunza siri za watu.

Nimebakisha la kutoka. Hili nalisema kwa uchungu kidogo, maana mwenye kosa ni mimi.

Kabla sijaajiriwa na kaunti nilikuwa mhasibu msaidizi wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Tulikuwa na programu ya kutuunganishia michango ya wanachama na vitabu. Tukaiona ghali, tukaamua kuiacha. Mimi ndiye niliyetia sahihi mkataba, na ndani yake kulikuwa na kifungu kwamba usipotoa notisi ya siku 60, mkataba unajirefusha wenyewe kwa mwaka mzima. Niliandika barua zikiwa zimebaki siku 41. Chama kikalipa miezi 12 ya kitu ambacho hakuna aliyekifungua. Zilikuwa pesa za wanachama, wengi wao kina mama wa sokoni. Nilisimama kwenye mkutano mkuu nikaeleza. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, ulisoma?" Nikamwambia, nilisoma bei.

Na data yenyewe tuliipata baada ya kubembeleza wiki kadhaa, kwenye karatasi zilizochapwa. Ikabidi tuiingize upya kwa mkono. Kwa hiyo ulizeni mapema: siku nikiondoka, nitapewa data yangu kwenye faili linalofunguka kwa programu nyingine, ndani ya siku ngapi, na kwa ada gani? Nywila kuu ya mfumo iwe kwa jina la biashara, isiwe kwa jina la fundi. Tarehe ya notisi iandikeni kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu.

Ofisi yetu haiuzi programu hizi, na haipendekezi kampuni yoyote. Tunachoweza ni kukaa nawe tuusome mkataba na kupiga hesabu kama ile ya misumari. Njoo nao ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yako kabla hujatia sahihi, siku yoyote ya kazi, pamoja na risiti za mwezi mmoja. Huduma hiyo hailipiwi.

Sasa nachukua maswali. Mama wa pale mbele, mwenye leso ya buluu, umeinua mkono tangu nilipotaja dola. Karibu.