Mwanafunzi na Mgonjwa wa Akili Ugenini

(Mada iliyotolewa Msasani, Tukuyu, baada ya swala ya Alasiri)



Baadhi ya wazazi wameniuliza kuhusu vijana wao walioko vyuoni, wanaotaka kwenda nchi za nje wakati wa likizo wakajitolee katika huduma za wagonjwa wa akili. Nitajibu kwa yaliyonifika mwenyewe.

Mwaka 2014 nilikuwa nikisoma Khartoum, Sudan. Wanafunzi wageni wachache tulikuwa tukienda kila Alhamisi kuwazuru wagonjwa wa akili katika hospitali moja. Tuliwapelekea matunda na kuzungumza nao. Kiarabu changu kilikuwa cha vitabuni, wao wakisema lahaja yao, na walinicheka sana. Nadhani kicheko kile kiliwafaa kuliko matunda. Hakuna aliyetufundisha la kusema mgonjwa anaposikia sauti tusizozisikia sisi, wala nani wa kuarifiwa mtu akisema amechoka kuishi. Mzee mmoja alizoea kunishika mkono mpaka muda wa kuondoka. Mitihani ilipokaribia akaniuliza nitarudi lini. Nikamjibu, "Insha-Allah Alhamisi," ilhali nilikwishajua kuwa sirudi. Nililifanya jina la Allah kuwa njia ya kukwepa. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, wa kwanza kunijia akilini alikuwa mzee yule.

Simkatazi kijana kusafiri. Namtaka aulize kabla ya kulipa nauli: Nani atanisimamia? Nitasema na wagonjwa kwa lugha gani? Nikiondoka, nani ataendelea nao? Ada ninayotozwa, hospitali yenyewe inapata nini? Na asiwapige picha. Nani kati yetu angeridhia ndugu yake aonyeshwe watu akiwa katika hali ile?

Tazameni Zimbabwe. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda wa Harare, kwa uhaba wa madaktari wa akili, alianza na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Walifunzwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Huzuni ile wenyewe huiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa wagonjwa 573 katika zahanati 24, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Akina bibi wale husimamiwa. Tena wanaishi mtaani humo humo. Mgonjwa akiwahitaji mwezi ujao, atawakuta.

Sisi, hospitali ya Mirembe iko Dodoma, mbali na Rungwe. Aghalabu mgonjwa hubaki nyumbani, pengine amefichwa chumba cha nyuma kwa aibu, na watu wakishasema ni majini, habari yake imekwisha. Kisomo hakimzuii mtu kupelekwa Makandana kumwona daktari! Kijana anayetamani kujitolea ng'ambo ana Kiswahili, ana na Kinyakyusa, na nyumba ya mgonjwa anaijua. Amekwisha kubisha hodi?

Karatasi ya majina iko kwa katibu wa msikiti. Tunatafuta muuguzi wa magonjwa ya akili atakayetufunza kwanza, ndipo tuanze kuzuru. Mimi nimejiandika siku ya Alhamisi.