Samaki wa picha na samaki wa mito yetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya memba wa shirika, Lusangi)



Komite imeniomba niseme juu ya ile picha iliyopita katika telefoni zetu. Ndugu yetu mmoja aliye Marekani anafuga samaki wadogo wenye ndevu katika tangi la kioo nyumbani kwake. Akatuandikia: "Hawa si ni wale wetu wa Luama? Huku wanauzwa kwa dola!" Tangu hapo watu wanauliza kama tutoe makuta ya sanduku tununue nyavu na matangi. Makuta hayo ni ya wote. Ndiyo yanayopeleka mgonjwa hospitali, ndiyo yanayomwezekea mjane nyumba. Basi tujue kwanza huyu samaki ni nani.

Samaki wa picha ni lochi. Yule wa rangi ya machungwa mwenye mikanda mitatu myeusi, wataalamu wanamwita Chromobotia macracanthus. Kwao ni Sumatra na Borneo, huko Asia. Yule mwembamba kama nyoka ni wa jamii ya Pangio, naye ni wa Asia. Afrika, lochi wa asili wako sehemu chache tu, kama Moroko na Ethiopia. Kongo hatuna.

Tulio nao sisi Kongo ni kambale wadogo wa mito ya mawe, jamii ya Amphilius. Kwa macho wanafanana sana na lochi, na ndevu zinadanganya, kwa sababu wote wawili wanaweza kuwa na jozi tatu. Kwa hiyo tuangalie sehemu nne.

Kwanza ngozi. Lochi wengi wana magamba madogo madogo. Kambale hana hata moja.

Pili mgongo, karibu na mkia. Kambale wa mawe ana kipezi kidogo cha nyama. Lochi kwa kawaida hana.

Tatu, chini ya jicho. Lochi wa picha ana mwiba unaofunguka kama kisu cha kukunja. Wetu hana.

Nne, mapezi ya kifua. Ya kambale huyu yamelala bapa, anayatumia kushika jiwe maji yasimbebe.

Na yule mrefu kama nyoka, mwenye safu ya miiba midogo mgongoni na pua ndefu, jina lake Mastacembelus. Huyo si lochi, na kambale pia siye.

Mtu atasema: "Jina linatusaidia nini?" Linasaidia, kwa sababu mnunuzi wa samaki wa tangi analipa jina na mahali samaki alipotoka. Mbelgiji Pierre Brichard aliuza samaki wa Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura miaka mingi. Alijua kila samaki na mwamba wake, mpaka mmoja akapewa jina lake, Neolamprologus brichardi. Sisi tukiuza kambale kwa jina la lochi, mnunuzi atafungua mzigo, atatuita waongo, na makuta yamekwisha.

Tena, samaki wa maji ya mbio anataka hewa nyingi majini. Ukimweka katika ndoo, kwa barabara hii yetu munayoijua, atafika amekufa.

Kwa hiyo naomba tusitoe hata franka moja sasa. Vijana wapige picha za samaki akiwa hai: ubavuni, mgongoni na mdomoni, na rula kando yake. Waandike jina la mto, tarehe, na jina ambalo wazee wanamwita kwa Kibangubangu. Halafu tutume kwa wataalamu wa samaki wa Chuo Kikuu cha Kisangani. Na mtu asitie sumu mtoni ili apate samaki wa picha. Mto ukifa, tutakula nini?

Kwa ndugu yetu wa Marekani: asante kwa kutukumbuka. Ukichoka na samaki wako, usiwamwage mtoni. Lochi mmoja wa matope, wa Asia, tayari ameenea katika mito ya Marekani na Australia baada ya kutoka mikononi mwa wafugaji.

Majibu yakija kutoka Kisangani, tutakaa tena hapa, na kila memba atasema neno lake kabla sanduku halijafunguliwa.