Nyasi za Bahari Ndizo Malisho ya Samaki Wetu

Hii ni hotuba ya afisa wa uvuvi katika baraza la wavuvi na wakulima wa mwani, pwani ya kusini ya Kwale.

 

Nimeombwa nizungumzie nyasi za bahari. Kwanza tuzitofautishe na mwani. Mwani tunaoufunga kwenye kamba hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi za bahari ni mimea kamili: zina mizizi, shina linalotambaa chini ya mchanga, majani, maua na mbegu. Pwani ya Kenya ina aina 12. Zinahitaji mwanga wa jua, ndiyo maana huota kwenye maji mafupi, baina ya ufuo na mwamba.

Hapo ndipo riziki yetu ilipo. Tafi hula nyasi hizi na hunaswa kwa madema humo humo. Changu wadogo hujificha humo mpaka wakue. Kasa na nguva nao hutegemea malisho hayo. Mizizi hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na chini yake hufukiwa kaboni nyingi. Gazi na Vanga mmekwisha kuona jinsi kaboni ya mikoko inavyoleta fedha kijijini; nyasi ni jirani wa mikoko katika kazi hiyo.

Ndugu zangu, nyasi hizi zinapungua, na sababu nyingine ziko mikononi mwetu.

Ya kwanza ni juya. Linapokokotwa hung'oa nyasi na kuzoa samaki wachanga. Juya limepigwa marufuku kisheria, lakini sote tunajua bado linaonekana.

Ya pili ni wale wanyama wa mviringo wenye miiba wanaotuchoma miguuni. Hula nyasi, na wakizidi huacha mchanga mtupu. Wanaowapunguza ni samaki kama kikande na changu wakubwa. Tukiwamaliza samaki hao, wenye miiba huzaana bila mpinzani. Hali hiyo imewahi kuonekana Diani.

Ya tatu inatuhusu sisi wa mwani. Kina mama, najua mwani unalipa karo. Sisemi muuache. Naomba tusifyeke nyasi ili kupigilia vigingi. Tuchague mahali penye mchanga mtupu, na tusihamehame kila msimu tukiacha vipara nyuma yetu. Kamba zilizokatika zirudishwe nchi kavu.

Nyasi zikishang'olewa hazirudi upesi. Aina zenye shina gumu huchukua miaka mingi kutambaa tena, na kupanda upya kwa mikono ni kazi ya bamvua hadi bamvua, na mara nyingi miche huchukuliwa na maji. Kuzilinda ni nafuu kuliko kuzirudisha.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Atakayeona juya aiarifu BMU yake au ofisi ya uvuvi iliyo karibu. Wenye mashua watie nanga kwenye mchanga, si juu ya nyasi. Na kila BMU ikae na wanachama wake wakubaliane ni sehemu gani ya malisho ipumzishwe, kwa sababu mpaka uliokubaliwa na wavuvi wenyewe huheshimiwa zaidi kuliko ule uliochorwa ofisini.

 Sasa nakaribisha maswali.