Kishikwambi Bila Mlezi

Mwishoni mwa mwaka 2017 watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 mkoani Tanga waligawiwa vishikwambi, yaani kompyuta za kushika mkononi, vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi hawakuwahi kukanyaga darasa. Zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 Kitkit School na onebillion waligawana tuzo ya XPRIZE ya dola milioni 10, na programu zikaachwa wazi, atakaye azitumie bure.

Je, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa? Huko mtoto wa milimani huongea Kimatengo nyumbani, na wa Mbamba Bay Kinyasa. Ndiye hasa anayehitaji sauti ya kumrudia herufi bila kuchoka. Vifaa navyo havikosekani kabisa: vishikwambi vya Sensa ya 2022 walikabidhiwa walimu.

Lakini Tanga haikufaulu kwa kifaa peke yake. Kulikuwa na umeme wa jua wa kuchajia, na mtu kijijini wa kuvitunza. Kishikwambi kisicho na moto ni kibao tu.

Basi halmashauri za Mbinga na Nyasa zianzie kwa mlezi huyo na umeme huo. Programu ni za bure, jua ni la Mungu. Umri wa kujifunza herufi haungoji bajeti ya mwakani.